Tumepewa kitabu cha zamani cha bustani tukiuze kwenye mnada wa hisani. Tusaidieni tusijeuza dhahabu kwa bei ya maandazi (Mbeya)

MamaMichongoma
Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, wenye haraka mtanisamehe.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wapenda maua na miti hapa Mbeya mjini. Tuko ishirini na kitu, wengi akina mama wenye vitalu vya pembeni mwa barabara, walimu wastaafu wachache na vijana wa miche ya parachichi. Kila mwaka tunafanya mnada mdogo wa hisani: miche, vyungu, samadi, wakati mwingine jogoo. Mwaka huu hela inakwenda kwenye miti rafiki wa maji. Kuna kijito upande wa Rungwe kimezungukwa na mikaratusi mpaka ikifika Septemba unakivuka bila kuvua viatu. Shule ya msingi ya jirani imekubali kutunza kitalu.

Wiki iliyopita akaja kijana na mfuko wa rambo. Marehemu babu yake alikuwa mtunza bustani kwenye shamba la chai huko Mufindi tangu enzi za mkoloni. Meneja Mwingereza alipokuwa anaondoka alimwachia kitabu. Ni cha Kiingereza, kinafundisha kulima bustani huku kwetu Afrika Mashariki, kimechapwa London miaka ya 1930. Jalada gumu la kitambaa cha kijani, na ndani picha za maua za rangi, kila moja imefunikwa na karatasi laini kama ya kufungia pipi. Familia imesema kiuzwe, hela iende kwenye miti.

Kamati haielewani. Mmoja anataka kiuzwe hapahapa kwenye mnada. Mwingine anasema kipelekwe mtandaoni Wazungu wakagombanie. Wa tatu anataka tukate picha tuzitie fremu tuuze mojamoja, na mwalimu wetu mmoja anasema kitabu hakiuzwi, kikae kwenye kabati la kikundi (kabati lenyewe hatuna).

Jina la kitabu silitaji kwa sasa, na sababu ninayo. Nilimwonyesha jamaa mmoja wa vitabu vya mtumba, akanipa elfu 15 papo hapo bila kukifungua. Mtu ambaye hajafungua kitabu na hela ameshaitoa mfukoni, huyo anajua kitu.

KiparaWaSido
Elfu 15 mngechukua mkanunue soda. Nani anasoma kitabu cha bustani siku hizi na simu ziko?

Mnyalukolo_Halisi
Kamwene mama. Kabla ya bei, naomba niseme la watu.

Mimi niko Iringa. Miaka ya nyuma kulikuwa na kikundi, jina naliacha, kikapewa cherehani ya zamani ya chuma ikauzwe kwenye mnada wa kuchangia yatima. Siku ya mnada wakaanza na kuku, wakaja mashuka, mvua ikanyesha, watu wakaondoka. Cherehani ikaletwa saa kumi na mbili jioni, wamebaki watu tisa. Ikachukuliwa kwa elfu 20 na shemeji wa kiongozi mmoja. Mwezi haujaisha iko dukani kwake ina bei ya laki mbili na nusu. Aliyeitoa alikuwa bibi mjane. Hakugomba, ila hajawahi kukanyaga tena kwenye kikundi kile.

Kwa hiyo mjumbe wa kamati akikitaka kitabu aseme mapema, tena mbele ya watu, na akitoka kwenye kupanga bei atoke kweli. Halafu kitu kikubwa kisiuzwe mwisho wakati watu wanatafuta daladala.

MpangaVitabu
Mleta uzi, niko Dar na vitabu vya zamani ndiyo ugali wangu. Nikwambie ukweli ambao wajumbe wako hawataupenda: vitabu vingi vya bustani vya miaka ile ni vya bei ya mbuzi, si ya ng'ombe. Uzee peke yake hauuzi. Kinachouza ni kitabu kuwa kimechapwa mara ya kwanza, kuwa kizima, na kuwa na historia ya kipekee.

Nenda kwenye ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina. Kama pameandikwa kimechapwa mara ya pili au ya tatu, bei inashuka. Kile kitambaa cha kijani awali kilivaa koti la karatasi lenye picha, na karibu kila mtu alilitupa likichanika. Kama bado lipo hata vipande, usitupe. Halafu tafuta orodha ya picha pale mwanzoni, uhesabu mojamoja. Vitabu vya maua vinapungua picha kwa sababu ya watu kama huyo mjumbe wako wa fremu. Kikipungua moja kinaitwa pungufu, na mnunuzi makini anakuondolea nusu ya bei au anaondoka kabisa.

Madoa ya kahawia kwenye karatasi ni ya kawaida, msiyafute. Msibandike selotepu. Nasema tena, selotepu! Gundi yake inageuka njano na haitoki. Msikianike juani na msikiweke karibu na jiko la mkaa. Kilazeni bapa, mahali pakavu, pasipo mende.

Na ukiingia mtandaoni kutafuta bei, usiangalie wanachoomba wauzaji. Mtu anaweza kuomba milioni na kitabu kikakaa miaka minane. Angalia kilichouzwa kweli.

KiparaWaSido
Mkuu umeandika kama unauza kiwanja.

MamaMichongoma
@MpangaVitabu asante sana kaka. Nimekesha nacho jana nimevaa glovu za jikoni, mume wangu kanicheka mpaka basi.

Majibu: ni chapa ya kwanza, hakuna mahali palipoandikwa ya pili. Koti la karatasi halipo. Orodha inasema picha nane za rangi, mimi nimekuta saba. Ya nane imekatwa kwa wembe, ukingo umenyooka. Ilikuwa ya dalia.

Lakini nimekuta vitu viwili vingine. Kati ya kurasa kuna ua lililokaushwa, bapa kama karatasi, limeacha kivuli cha kahawia pande zote mbili. Pembeni kwa penseli: "Elton, Feb. 1958." La pili, ndani mmejaa maandishi. Ya wino ni ya Kiingereza, machache, nadhani ya meneja. Ya penseli ni ya Kiswahili, mengi mno, na mjukuu anasema huo ndio mwandiko wa babu. Je, maandishi yanashusha bei?

MpangaVitabu
Maandishi ya mtu asiyejulikana yanashusha. Ya mtu anayejulikana alikuwa nani, alifanya kazi wapi, miaka gani, yanaweza kupandisha kuliko picha zote saba. Andikeni nusu ukurasa wa historia ya babu, familia isaini, iuzwe pamoja na kitabu. Yanasema nini hayo ya penseli?

DaktariWaMiche
Subirini kwanza hapo kwenye ua.

Elton ni jina la zamani la uwanda wa Kitulo, wazee wa Makete na Mbeya wanalijua. Februari ndiyo kilele cha maua kule, ndiyo sababu watu wanapaita Bustani ya Mungu. Siku hizi ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na inasifika kwa maua ya okidi. Mwaka 1958 hapakuwa hifadhi, kwa hiyo babu hakuvunja sheria ya hifadhi yoyote. Mama, hilo ua likoje?

MamaMichongoma
Kikonyo kirefu, vijiua vingi vimepangana kwenye shina moja, kila kimoja kina vijimkia viwili nyuma. Rangi imekufa, ni kahawia tu.

DaktariWaMiche
Mikia miwili nyuma ya kila ua, naweka dau ni okidi ya jamii ya Satyrium. Spishi siwezi kuitaja bila kuliona.

Hapo ndipo pagumu kwa wale wanaotaka kukiuza Ulaya. Familia nzima ya okidi iko kwenye mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Haijalishi ni mbichi au kavu. Ukituma kitabu London na okidi iko ndani bila kibali, unamwachia mnunuzi kesi forodhani. Sheria hiyo haikuletwa kuwaonea watu wa maua. Okidi za nyanda zetu zimechimbwa viazi vyake kwa magunia kupelekwa Zambia, kule vinapikwa chikanda. Kuna sehemu unatembea nusu siku unakuta mashimo tu.

Kwa hiyo litoeni. Msilitupe! Ua kavu lisilo na mahali wala tarehe halina kazi kubwa kwa mtaalamu, lakini lenu lina vyote viwili. Piga picha ukurasa huo likiwa palepale, kisha lihamishie kati ya magazeti mawili makavu. Hebaria ya taifa, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina yake. Waandikieni.

KiparaWaSido
Yaani tufungwe kwa ua la 1958? Haya, nimekaa, leteni maandishi ya babu.

MamaMichongoma
Nimenakili machache kama alivyoandika, nimeongeza nukta tu.

"Kitabu kinasema mvua fupi Oktoba panda. Hapa hakuna mvua fupi. Mvua ni moja, inaanza Novemba inakwisha Mei."

"Si kweli. Waridi likikatwa Juni linaungua na baridi. Subiri Agosti."

"Bwana alipanda kama kitabu. Zote zimekufa. Mimi nilipanda zangu nyuma ya jiko. Zimepona."

"Juni 24, baridi imelala chini nyeupe. Dalia zote nyeusi. Kiazi chake chimbua mapema weka stoo."

Na pale penye sura ya kumwagilia, kapiga mstari ukurasa mzima na kuandika "Nairobi" mara moja tu.

Mnyalukolo_Halisi
Huyu mzee kaniua! "Nyuma ya jiko zimepona."

Na yuko sahihi. Nairobi wana misimu miwili ya mvua, za masika na za vuli. Sisi nyanda za juu kusini tuna mmoja mrefu na kiangazi kirefu chenye baridi. Nimeona watu wanafuata kalenda za kupanda za mtandaoni zilizoandikwa Kenya, wanashangaa miche inakufa. Mzee alishajibu.

Mama, msiuze kabla hamjapiga picha kila ukurasa wenye penseli. Kitabu kikienda kiende, hayo yabaki. Wakulima wa maua wa Mafinga na Njombe watayataka leo hii.

NdagaFijo
Nimesoma wote. Mnasahau kwamba huu ni mnada wa hisani na siyo duka. Mimi Mmoraviani wa Tukuyu, nimekulia kwenye minada ya baada ya ibada. Mkungu wa ndizi wa elfu 8 unauzwa elfu 60, aliyenunua anasema "narudisha", unauzwa tena elfu 45, anarudisha. Ndizi zilezile zinalipa mabati. Pale watu hawanunui ndizi. Fanyeni hivyo kwa kitabu, mtashangaa.

MpangaVitabu
Naheshimu, ila kwa kitu adimu utaratibu huo una shida. Mnunuzi wa kweli, anayetaka kitabu kiwe chake na yuko mbali anataja bei kwa simu, akiona kinazunguka mikononi anahisi anachezewa na anakata simu. Tena mtu akinunua kwa furaha ya siku, kesho kiko kwenye mkeka kinachukua vumbi.

Wekeni bei ya chini. Isipofikiwa, kitabu kinarudi ndani na kinatafutiwa njia nyingine, hamna aibu. Kwa hali mliyoieleza mimi ningesema 150,000. Halafu hakikisheni wanaokitaka kweli wanafika wawili. Mmoja hatoshi, maana mmoja ananunua kwa bei ya chini na kuondoka anapiga mluzi. Wawili ndio wanafanya mnada.

NdagaFijo
Basi kirudishwe mara moja tu, na itangazwe kabla ya kuanza ili mtu wa simu ajue. Tumekutana katikati hapo?

MpangaVitabu
Hapo sawa.

AfisaMstaafu
Nipite haraka. Kazi ya dalali wa mnada ina leseni yake. Kikundi kisikurupuke, mkamuone ofisa biashara wa halmashauri, mueleze ni hisani ya ndani au mmealika umma. Na barua ya familia ya kutoa kitabu iwe kwa maandishi. Wajukuu ni wengi, atatokea mmoja wa Dar aseme hakushirikishwa.

MamaMichongoma
@AfisaMstaafu umetabiri. Ametokea, ila si wa Dar, ni wa Mafinga, binti wa mwisho wa marehemu. Nikajua vita. Kumbe kapiga simu kuuliza kama kitabu "bado kina tundu". Ile picha ya dalia aliikata baba yake mwenyewe, ikawekwa fremu ukutani sebuleni, iko mpaka leo. Anasema mzee alikuwa akiiangalia na kusema hilo ndilo ua pekee ambalo kitabu kilipatia. Ataileta.

MpangaVitabu
MSIIBANDIKE. Iuzwe pamoja, kwenye bahasha yake.

KiparaWaSido
Mimi nilikuja kucheka, sasa nauliza mnada ni lini.

MamaMichongoma
Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Wa simu waniandikie pembeni.

---

MamaMichongoma
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nimechelewa kwa sababu nilitaka hesabu ziwe zimefungwa.

Kitabu tulikiweka cha tatu, baada ya miche ya matunda damu na kabla ya jogoo, watu wakiwa wameshachangamka na hawajachoka. Mjukuu alisoma historia ya babu yake kwa dakika tano. Aliposoma pale pa "nyuma ya jiko" watu walipiga makofi kama wako kwenye harusi. Nikajua hapo tumeuza.

Yule wa elfu 15 alikuja! Kakaa mstari wa mbele. Alifika 180,000 akanyamaza, akawa anatazama viatu vyake. Akina mama sita wa vitalu vya Mafiati walikuwa wamechangishana kimyakimya, wakakichukua kwa 260,000 na wakarudisha palepale. Mzunguko wa pili, bei ya mwisho kama tulivyotangaza, walibaki mwalimu wetu mstaafu (huyohuyo aliyesema hakiuzwi, alijitoa kwenye kamati ya bei mapema) na bwana mmoja wa Mufindi kwa simu. Mtandao ukakatika mwalimu akiwa kwenye 390,000. Ukumbi mzima ukageuka mashahidi, wengine wanasema piga nyundo, wengine wanasema msubirini. Tulimsubiri dakika tatu. Alirudi na 410,000. Mwalimu akamwachia, ila kanuna mpaka leo, na mimi simlaumu, maana mtu aliyekuwepo kwa miguu yake alishindwa na aliyekuwa kitandani kwake. Mwakani tutaandika kanuni ya simu inayokatika.

Kitabu peke yake 670,000 kwa mizunguko miwili. Maandishi ya babu tuliyachapa stationari, kurasa 24 zimebanwa pini, familia ikakubali kwa barua. Nakala 31 kwa elfu 5 ni 155,000, toa gharama 62,000 zinabaki 93,000. Miche, vyungu na jogoo 418,000. Viti na spika vimekula 60,000. Imebaki 1,121,000, risiti nimebandika kwenye ubao wa kikundi na familia imepewa nakala. Kitalu cha shule kinaanza na mbegu za misambia na mikuyu, mabomba ya maji yameshanunuliwa.

Ua liko kwangu kati ya magazeti mawili. Arusha nimewaandikia, nasubiri jibu.

Mnyalukolo_Halisi
Hongereni sana mama. Nakala ya kurasa 24 Iringa tunaipataje?

MamaMichongoma
Nipe jina la basi na simu ya kondakta, nakutumia tano. Ukiuza, hela ya miti uirudishe huku.

DaktariWaMiche
Mama, kwenye penseli ya ukurasa wa ua kulikuwa na kitu kingine zaidi ya tarehe? Kama aliandika upande gani wa Elton itasaidia sana Arusha.

MamaMichongoma
Kuna mstari mmoja sikuuweka kwa sababu sikuuelewa. "Njia ya maziwa, kabla ya daraja, kushoto, penye maji."

KijanaWaMakete
Huwa nasoma tu siandiki. Kitulo kuna shamba la ng'ombe wa maziwa la zamani, na gari la maziwa lina njia yake. Daraja nalijua, kushoto kwake kuna kitindiga mpaka leo. Februari napita pale kwenda kwa shangazi. Nitashuka niangalie, sitang'oa, nitapiga picha tu.